Silikoni ya Bafuni

Mzee Norbert Pruski ametengeneza mabafu ya karibu nusu ya mji wetu wa Sheboygan. Ukimtajia jina la mtu yeyote wa hapa, hakuambii huyo ni mtoto wa nani wala anasali wapi. Anakutajia vigae vya bafu lake. "Aa, yule? Kijani, vidogo vidogo, sakafu ina mteremko mbaya." Ni fundi kweli. Akipitisha silikoni, ile gundi laini ya kuzibia maji, kati ya beseni la kuogea na ukuta, mstari unatoka mwembamba na laini kama ukingo wa sahani, na harudii mara ya pili.

Bafu la nyumbani kwake lilikuwa halijaisha. Alibomoa ukuta mmoja mwaka ule binti yao wa mwisho alipoolewa, akamwahidi mkewe, Marlys, vigae vyeupe kabla ya Krismasi. Binti sasa ana watoto wa kwenda shule. Ukuta ulifunikwa karatasi ya nailoni iliyopigwa pini za stepla, na Marlys akawa anaoga akitazamana nayo.

Mimi nakaa nyumba ya pili kutoka kwao, na tunasali parokia moja. Mengine ya mambo haya niliyaona kwa macho, na mengine alinieleza Mzee Norbert mwenyewe tulipokuwa tunaondoa theluji, kila mtu na koleo lake, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mzee huyu hawezi kusema neno la moyoni akiwa amekaa kwenye kiti. Mpe koleo, atasema yote.

Marlys alikuwa mpishi wa shule, na alipostaafu akaanza kufuga samaki. Alinunua tangi la kioo la futi nne, akaliweka sebuleni mahali palipokuwa na kochi la Norbert. Kochi likateremshwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, na Norbert akalifuata huko na televisheni yake.

Samaki wake ni wale waitwao malaika, wembamba kama sahani iliyosimamishwa wima, mapezi marefu ya kuning'inia. Dume mmoja na jike mmoja walishikana wakawa jozi, wakawafukuza wenzao wote, mpaka ikabidi hao wengine wagawiwe watu. Wale wawili wakataga mayai juu ya jani, wakawa wanayapepea kwa mapezi mchana kutwa, na vitoto vilipotoka wakavichunga kama kuku na vifaranga. Kitoto kikipotea, dume anakichukua mdomoni na kukirudisha kundini. Siku nilipoona hilo nilipiga ishara ya msalaba sebuleni kwa watu.

Habari za jozi hiyo zikafika kwenye chama cha wafuga samaki, na ndipo alipoingia Verlyn Haas.

Verlyn alikuwa dereva wa basi, mjane, mtu wa masharubu yaliyochanwa na viatu vilivyong'aa hata wakati wa tope. Akawa anakuja kila Jumanne mchana na kikopo cha viluwiluwi vya kulisha samaki, anakaa na Marlys mbele ya tangi, wanazungumza kwa sauti ya chini ili wasiwashtue samaki wazazi. Marlys akawa anaoka keki ya mdalasini kila Jumanne. Norbert aliliona hilo mapema kuliko mambo mengine yote.

"Jirani," aliniambia siku moja, koleo mkononi, "umeliona lile gari?"

"Gari gani, mzee?"

"Usijifanye. Lile la kijivu. Linaegeshwa pale pale kila wiki, mpaka theluji imeacha umbo lake. Miaka yote niliyoishi na mwanamke huyu, keki ni ya sikukuu. Sasa ni ya Jumanne."

"Si nawe unaila?"

"Naila ikiwa imeshakatwa!" Akachota theluji akaitupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Na unajua huyo Verlyn anavyobadilisha maji ya tangi? Anaweka mpira wa maji mdomoni, anafyonza, maji yakimfika ulimini ndipo anauteremsha kwenye ndoo. Mwanamume mzima anakunywa mkojo wa samaki, na mke wangu anampigia makofi."

Nilimwambia amwombe Mungu amwondolee wivu. Akasema ameomba, na Jumanne iliyofuata gari likaja tena.

Jioni moja wakati wa kula, Marlys alisema bila nia mbaya yoyote, "Vioo vya matangi ya Verlyn ni safi jamani, mtu hujui hata kama pana kioo." Basi. Kesho yake Marlys alipokwenda mazoezi ya kwaya, Norbert akapanda kutoka chini na wembe wake wa kazi, ule mpana wa kukwangulia plasta juu ya vigae, akakunja mikono ya shati na kukwangua ukijani kwenye vioo vya tangi. Alikwangua kifundi, juu hadi chini, mpaka ndani ya kona, kama anavyofanya bafuni, maana bafuni uchafu hujificha kwenye kona. Ila tangi si bafu. Kwenye kona za tangi hakuna saruji wala msumari. Kuna silikoni tupu, ndiyo inayoshika kioo na kioo. Wembe ukaikata.

Halikuvuja hapo hapo. Marlys alirudi, akaona vioo vinang'aa, akambusu mumewe kwenye upara. Norbert alishuka chini siku hiyo akipiga mluzi.

Siku ya pili asubuhi zulia lilikuwa limelowa, na maji yanashuka konani polepole. Marlys akapiga ukelele. Kisha akashika simu, na aliyempigia alikuwa Verlyn.

Hilo ndilo lililomchoma mzee. Alinieleza mara tatu, na kila mara alisimamisha koleo lake. "Mimi nipo chini ya ngazi, jirani. Chini ya ngazi! Angepiga mguu sakafuni ningesikia. Anampigia mtu wa upande wa pili wa mji."

Verlyn alikuja na mabeseni makubwa ya plastiki yenye mifuniko, wakawahamisha samaki na maji yao, wakaweka hita na mashine ya hewa. Kisha Verlyn akapiga magoti, akapitisha kucha kwenye kona ile, akaitazama kwa karibu.

"Mshono umezeeka," akasema. "Hutokea. Jumamosi nitaleta silikoni yangu, tuukwangue wote tuupake upya."

"Nani apake?" Norbert alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi, bwana Norbert. Si kazi kubwa."

"Nyumbani kwangu? Niagize mtu aje anipakie silikoni nyumbani kwangu? Watu wakisikia nitaweka wapi uso?"

"Norbert, mpenzi," Marlys akasema, "wewe unajua mabafu."

"Na bafu linashika nini? Uji?"

Verlyn akainua mikono. "Mwenye nyumba amesema. Mimi nani?" Akaaga kwa adabu, na adabu ile ikamkera Norbert zaidi.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa bidii namna ile. Alilipeleka tangi gereji, akawasha jiko la umeme, akakwangua silikoni yote ya zamani mpaka kioo kikawa kitupu, maana mpya haishiki juu ya ya zamani, hilo analijua hata usingizini. Akafuta kwa spiriti. Akabandika utepe wa karatasi pande zote mbili za kila kona. Akapitisha silikoni pumzi moja juu mpaka chini, akalainisha kwa kidole, akabandua utepe. Nilipita kumpelekea supu, gereji nzima ilinuka siki, naye ameinama juu ya kioo kama padri juu ya altare, Mungu anisamehe.

"Tazama hii, jirani. Halafu mtu aniambie habari za Verlyn."

Ikaachwa ikauke. Verlyn alipokuja Jumanne kutazama samaki kwenye beseni, alikwenda gereji mwenyewe, akasogeza miwani, akasema, "Mkono huu, bwana Norbert! Mimi ningetoa kitu kama mkia wa panya." Norbert akajibu "kawaida tu," lakini nasikia alikula keki sebuleni siku hiyo, kwa mara ya kwanza, amekaa katikati yao wawili.

Tangi likarudishwa ndani, likajazwa maji ili lijaribiwe, na likashika. Halikuvuja hata tone. Marlys akasema Jumamosi asubuhi samaki watarudi nyumbani.

Alhamisi Norbert alikuwa bafuni kwa mwalimu mmoja upande wa ziwani, anamaliza kazi. Akamweleza mama mwenye nyumba maneno yake yale yale, ambayo ameyasema kwa wateja maisha yake yote, mpaka mdomo unajiendea wenyewe: "Hii silikoni, mama, ina dawa ndani yake. Ukungu hauthubutu. Dawa inatoka kidogo kidogo miaka na miaka, kitu chochote chenye uhai kikigusa maji yake kina—"

Akalitazama bomba la silikoni mkononi mwake.

"Kinafanyaje?" mama yule akauliza.

"Kinakufa," Norbert akasema, akaketi juu ya ukingo wa beseni.

Yeye silikoni yake ni moja tu, hiyo ya bafuni. Hana nyingine garini, hajawahi kuhitaji nyingine. Ndiyo aliyoipaka kwenye tangi la Marlys, kona zote, kwa mkono wake mzuri.

Alirudi nyumbani amenuia kusema. Mlangoni akasikia Marlys anacheka kwenye simu, kicheko kile cha Jumanne. Hakusema. Akashuka kwenye kochi lake. Na huko kochini, alinieleza, wazo lilimjia taratibu likamketia pembeni. Kwamba hana haja ya kufanya lolote. Anyamaze tu. Samaki wakitikiswa na kuhamishwa hufa, nani atauliza? Silikoni imeshika, kila mtu ameiona. Samaki wakiisha, viluwiluwi vya nini? Keki ya nini? Gari la kijivu litaegeshwa kwa mwingine.

"Niliona sebule yangu, jirani. Kochi limerudi mahali pake."

Ijumaa ile ilikuwa ya Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima parokia yetu yote hula samaki wa kukaanga ukumbini. Mimi nagawa kabichi. Norbert na Marlys walikuwa meza ya karibu na jukwaa, na Verlyn akaja na trei yake akauliza kama pana nafasi. Marlys hali samaki tangu aanze kufuga. Alichukua chapati za viazi na mchuzi wa tufaha. Nikatazama trei ya Verlyn, naye viazi na tufaha.

"Na wewe pia?" Marlys akacheka mpaka akashika mkono wa Verlyn.

"Siwezi, dada. Nikimwona na jicho lake nakumbuka wa nyumbani."

Walicheka wote wawili. Norbert akasimama, akaja kwangu na sahani tupu. "Ongeza."

"Kabichi?"

"Samaki! Mwambie aliyeko jikoni anipe mkubwa." Akarudi, akakaa mbele yao, akamla yule samaki hadi mkia, akitafuna polepole na kuwatazama. "Huyu angalau," akasema, "hana wageni."

Marlys akamwambia, "Una nini wewe leo?" Usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sikukipenda. Niliwaombea usiku huo bila kujua naombea nini.

Jumamosi Marlys akanipigia. "Njoo shoga yangu, njoo uone wanarudi." Nikavuka. Verlyn alikuwa tayari yuko, ameshika mfuko wa nailoni wenye dume na jike ndani, unaelea juu ya maji ili wazoee joto. Norbert amesimama karibu na ngazi, mikono mfukoni.

Marlys akanishika kidole, akakipitisha kwenye kona ya kioo kwa nje, ambapo mstari ulionekana ndani, mweupe, umenyooka. "Umeona? Umeona hiyo? Verlyn, nawe leta kidole. Miaka yote hii namfulia nguo zenye silikoni za mabafu ya watu. Naambiwa madukani, Marlys, mumeo ana mkono wa dhahabu. Nasema ndiyo, asante, narudi kuoga na nailoni yangu. Hiki ndicho kitu cha kwanza alichonimalizia mimi. Mimi! Nilikuja saa nane za usiku nikawasha taa nikakitazama." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Haya, Verlyn, fungua mfuko."

Nilimtazama Norbert ili nione anavyofurahi. Alikuwa amebadilika rangi.

"Usifungue," akasema.

"Nini?"

"Usifungue huo mfuko!" Akaja mbio, mzee wa magoti mabovu, akauchukua mpira wa maji uliokuwa umening'inia kitini, akatumbukiza ncha moja ndani ya tangi na ya pili akaitia mdomoni mwake. Akafyonza. Akafyonza mno. Maji yakamjaa mdomoni na puani, akakohoa, akauelekeza mpira kwenye ndoo, nusu ndani nusu kwenye zulia.

"Amerogwa!" Marlys akapiga kelele. "Norbert! Umerogwa?"

"Ni sumu!" Anakohoa, masharubu hana lakini kidevu kinachuruzika. "Ni silikoni ya bafuni. Ina dawa ya ukungu. Watakufa wote."

Maji yakawa yanaimba ndani ya ndoo. Verlyn akauondoa ule mfuko taratibu, akaurudisha kwenye beseni.

Marlys akauliza, "Umejua saa hizi?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Mimi pembeni yake nilitamani aseme ndiyo, Mungu anisamehe.

"Alhamisi," akasema Norbert.

"Leo Jumamosi."

"Najua leo siku gani."

"Ulitaka wafe?"

"Nilitaka huyu asije!" Akamnyooshea Verlyn mpira, ukamlowesha viatu vile vinavyong'aa. "Na viluwiluwi vyake! Na kuongea chini chini! Unamwokea keki. Unampigia simu mimi nipo chini ya ngazi!"

Aliyejibu ni Verlyn, na alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Bwana Norbert. Wa kwangu wanakula mayai."

"Wanakula nini?"

"Mayai yao. Nina jozi tano. Wanataga, na asubuhi naamka hakuna kitu, wamekula. Nimebadilisha maji, nimebadilisha taa. Hawa wenu wanalea. Kila Jumanne nakuja nitazame wanafanyaje, narudi nyumbani nawatukana wangu." Akafuta miwani. "Keki ni nzuri, sikatai. Lakini mimi usingizi sipati kwa sababu ya samaki wa mke wako."

Marlys alianza kucheka akashindwa, akalia, akaenda jikoni akafunga mlango. Alikaa huko mpaka ndoo zikaisha. Alipotoka alimwambia mumewe maneno machache. Sitayaandika yote. La mwisho lilikuwa, "Utakwangua kila kona, na utampisha Verlyn akuoneshe silikoni ipi ya kupaka. Na ukimaliza hilo, bafu liko juu."

Basi wakarudi gereji, safari hii wawili. Verlyn alileta silikoni tupu isiyo na dawa. Norbert alikataa katakata Verlyn asilishike bomba la silikoni, akampa kazi ya kubandika utepe, na mara mbili akaubandua mwenyewe akisema umepinda. Nilipita na supu, ya watu wawili.

Ni huko gereji, Norbert ameinama kwenye kona, ambapo Verlyn alimwambia kwa sauti ile ya chini, "Na ule wembe, bwana, usiupitishe tena konani."

Norbert akainuka. "Wembe gani?"

"Niliona siku ya kwanza. Mshono uliozeeka haukatiki umenyooka vile."

"Mbona ulisema umezeeka?"

"Marlys alikuwa amesimama pale."

Siku aliyonieleza hilo theluji ilikuwa ya mwisho mwisho, nzito ya maji. Nilidhani atasema ameguswa. Alichomeka koleo ardhini. "Umemwona mtu huyo? Hata kwa hilo amenitangulia!"

Samaki walirudi baada ya Pasaka. Bafu nalo lina vigae vyeupe, kuta zote nne, na Marlys alinipeleka nikavione, akanishika kidole tena. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa akimpa mumewe chakula bila kumwambia karibu, na nadhani alistahili.

Gari la kijivu bado linakuja Jumanne. Norbert huegesha pikapu yake mahali pale pale mapema asubuhi, naye Verlyn huliweka lake mbali akatembea. Ndani, Norbert ameleta kiti chake cha jikoni, hukiweka katikati ya viti vyao viwili na kusema haoni vizuri kutoka pembeni. Juma lililopita nilikuwapo. Jike alikuwa ametaga kwenye bomba la chujio, na Verlyn aliposogeza kidole kwenye kioo ili ayahesabu mayai, dume akaruka akakigonga kioo kwa pua, akarudi nyuma, akagonga tena.

"Mkali huyu," Verlyn akasema, akauondoa mkono.

"Mwache," Norbert akasema, akakata kipande cha keki bila kumwangalia. "Yuko kazini."